Maji Hayapendelei Upande

Fundi mwashi wa Kariakoo akitaka kujua kama msingi umekaa sawa, huchukua mpira mwangavu, akaujaza maji, akamwambia msaidizi wake: "Shika huko." Maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja. Hayana rushwa wala upendeleo. Msomaji, sheria hiyohiyo ndiyo inayotawala tangi la samaki sebuleni.

Mtindo wa kufuga samaki ndani ya vioo si wa jana. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya matangi kwa watu wote mwaka 1853, na baadaye ukaenea duniani. Wanaolitazama tangi huona rangi za samaki. Uzito hawauoni, na kumbe uzito wenyewe si mchezo! Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 60 huchukua lita 360. Lita moja ni kilo moja. Ongeza kioo, mawe na meza yake, unapita kilo 400: magunia manne ya kilo mia, yamesimama usiku na mchana mahali pamoja.

Kariakoo ya zamani ingeubeba mzigo huo bila shida. Mtaa ulipata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Nyumba zilikuwa za chini, za miti na udongo. Kilichowekwa ndani kilibebwa na ardhi yenyewe. Kisha zikaja ghorofa. Sasa mzigo lazima usafiri: kutoka sakafuni kwenda kwenye bimu, nguzo, hadi msingi.

Msanifu Beda Amuli alilionyesha jambo hilo waziwazi katika soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege, kila mmoja juu ya nguzo yake. Hata mpita njia anaona uzito unashukia wapi.

Mahali pengine njia hiyo ilikatika. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jingine likaanguka Kariakoo kwenyewe, likaua zaidi ya watu 20. Tangi la samaki halikuhusika hata kidogo. Lakini misiba hiyo inatufundisha kuuliza, kabla ya kuweka kitu kizito: nani anakibeba?

Kwa hiyo, wewe unayeishi ghorofani, muulize mwenye nyumba au fundi anayelijua jengo bimu zimepita wapi. Weka tangi karibu na ukuta unaobeba jengo, usiliache katikati ya chumba. Pima meza kwa pima maji, kwa urefu na kwa upana. Ikiinama, weka kabari ngumu chini ya miguu ya meza, kamwe si chini ya kioo, maana kioo kikibebwa pembe moja hujipinda na kupasuka. Jaza nusu, upime tena, ndipo umalizie.

Tangi likiinama, maji yatasimama juu upande mmoja, na utaona kwa macho. Sakafu haisemi mapema hivyo. Na chini ya sakafu yako kuna familia nyingine imelala.