Tembe la Kwihara: Ubaridi Bila Umeme
Mgeni utokaye mji wa Isikizya na jua lake, ingia kwanza upoe. Tembe hili, nyumba ya udongo ambayo leo ni makumbusho, lilikuwa kituo kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwanahabari Henry Morton Stanley alifikia hapa mwaka 1871. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikaa hapa hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi kutoka pwani.

Simama mlangoni utazame unene wa ukuta. Udongo hupokea joto polepole mchana kutwa, kisha huliachia usiku, kukiwa kumepoa. Ua wa katikati huingiza mwanga na hewa. Wasanifu wanaohangaika na viyoyozi waje Kwihara!

Udongo una adui mmoja mkubwa, maji, ndiyo maana ukarabati hauishi. Tafadhali usikwaruze kuta wala kuandika jina.