Namna Jalada la Zamani la Jinai Linavyofunguliwa Upya

Kesi ya mauaji isiyopata ufumbuzi haifutwi na miaka. Jalada huhifadhiwa, na wapelelezi hulirejea inapojitokeza sababu ya msingi, kama vile shahidi mpya au mbinu mpya ya maabara. Mwandishi wa hadithi za upelelezi anayetafuta uhalisia hana budi kuanzia katika ghala la vielelezo.

Mfano ni kesi ya Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18 aliyechomwa kisu na kundi la vijana weupe alipokuwa akisubiri basi huko Eltham, London, tarehe 22 Aprili, 1993. Washukiwa walikamatwa baada ya wiki mbili na nguo zao kuchukuliwa, lakini hakuna aliyetiwa hatiani. Mwaka 1996, mashtaka yaliyofunguliwa na familia ya marehemu yalishindwa, na Gary Dobson akawa miongoni mwa walioachiwa huru. Ripoti ya uchunguzi wa umma ya mwaka 1999 ilibainisha uzembe na ubaguzi wa rangi ndani ya polisi.

Miaka kadhaa baadaye, wataalamu walizipitia upya nguo zilezile. Katika ukosi wa koti la Dobson walikuta doa la damu lisilozidi nusu milimita, lenye vinasaba vya marehemu. Nyuzi za nguo na unywele vilimhusisha pia David Norris.

Upande wa utetezi ulidai kuwa vielelezo vilichafuliwa vikiwa ghalani. Kwa sababu hiyo, wapelelezi walilazimika kuonesha nani alishika kila kielelezo, lini, na kilifungwa vipi.

Kikwazo kingine kilikuwa cha kisheria, kwani mtu aliyeachiwa huru hakuweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika katika eneo hilo mwaka 2005, iliruhusu Mahakama ya Rufani kuagiza kesi mpya kwa makosa mazito, iwapo kuna ushahidi mpya wenye uzito. Mwaka 2011 Mahakama hiyo ilitengua uamuzi wa kumwachia Dobson.

Tarehe 3 Januari, 2012, Dobson na Norris walitiwa hatiani, karibu miaka 19 baada ya mauaji. Hukumu hiyo iliwafikia wawili tu kati ya kundi lililomshambulia Lawrence.