Onyo Ni Matini: Historia Fupi ya Alama za Umri Katika Michezo ya Video

Michezo ya video yenye umwagaji damu inapozungumziwa, lawama aghalabu huwaendea watoto, wazazi au wenye vibanda. Katika makala haya tunatazama upande usiotajwa mara nyingi, yaani onyo lenyewe: lilitungwa lini, kwa lugha gani na kwa ajili ya nani. Jambo hili linatuhusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili kwa kuwa onyo ni matini, na matini yasiyoeleweka hayamkingi mtoto.

Tuanze na filamu. Sheria ya Kenya kuhusu filamu na michezo ya jukwaani ni ya mwaka 1962. Ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1976. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 1995 ililipa Baraza la Vyombo vya Habari mamlaka ya kukagua filamu, kanda za video na michezo ya kuigiza. Sheria za aina hii zilichukulia kwamba pana ukumbi, mlango na mtu wa kuuangalia mlango huo.

Kanda za video zilipoenea, mlango ulipanuka. Katika vibanda vya Uganda, wafasiri waitwao VJ walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiluganda; Tanzania, Lufufu alijulikana kwa kuzisimulia kwa Kiswahili. Hivyo mapigano yalipata mkalimani. Onyo la umri lililoandikwa kwenye jalada halikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Upande wa michezo ya video, mjadala ulipamba moto Marekani baada ya mchezo wa Mortal Kombat kutoka mwaka 1992. Tarehe 9 Desemba 1993, Baraza la Seneti liliwahoji watengenezaji, nao wakaunda bodi yao ya kupanga umri, ESRB, mwaka 1994. Bodi hiyo ilichagua herufi: mathalani, M ni mchezo wa wenye miaka 17 na kuendelea. Ulaya ilianza kutumia nambari za PEGI mwaka 2003. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya ukatili. Kwa hiyo mzigo ulibaki kwa mzazi na uwezo wake wa kusoma jalada.

Je, madhara yenyewe yamethibitishwa? Mwaka 2015 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kwamba michezo hiyo inahusiana na tabia ya ugomvi, lakini ushahidi haukutosha kuihusisha na uhalifu. Hatuna haja ya kutia chumvi ili tuwe na sababu ya kuchukua hadhari.

Sisi wa Kamukuzi, jijini Mbarara, tuna sababu iliyo karibu. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalifunguliwa mwaka 1958 kupokea wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye yamepokea Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili kimekuwa daraja kati ya wengi wao. Wamo watoto waliokimbia milio ya bunduki ya kweli. Mzazi wao anayesoma Kiswahili ataielewaje herufi M? Kwake yaweza kuwa "mtoto" kama iwezavyo kuwa "mzee". Nambari ni afadhali. Tangu mwaka 2015, duka la Google Play huonyesha nambari kama 12 au 18 kwenye michezo ya simu. Hata hivyo, nambari haisemi kilichomo ndani. Hilo husemwa kwa maneno.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. "Vurugu" halitoshi, kwani hata kelele za darasani huitwa vurugu. Tunapendekeza tutofautishe "mapigano", ambapo pande mbili zinashindana. "Ukatili", ambapo asiyejiweza anaumizwa. Na "umwagaji damu", ambapo majeraha yanaonyeshwa waziwazi. Wanafunzi wa tafsiri wayajaribu maneno haya kwa wasomaji wa Nakivale kabla ya kuyachapa, kwa sababu Kiswahili cha Bukavu si kile cha Unguja. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa kibanda, ikiwa na nambari na maneno hayo matatu, itamwezesha mzazi kuuliza: mwanangu anacheza upi?