Safu ya Lugha: Batli

Batli ni daftari la chomboni, linaloandikwa mwendo na habari za safari. Mafundi wa kompyuta husema logi, nayo pia ilianzia baharini: Waingereza walitupa kipande cha gogo majini kupima kasi ya meli, kisha wakaandika hesabu daftarini.

Kwenye kontena la kompyuta, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, batli hupotea kirahisi. Tuseme kroni, programu ya Unix inayoendesha kazi kwa ratiba, imepewa mstari unaoanza na 0 2 * * *: nakili hifadhidata kila siku saa nane usiku. Maelezo ya kazi hiyo kroni hutaka kuyatuma kwa barua pepe. Kontena lisipokuwa na programu ya barua, huyatupa. Yakiandikwa kwenye faili la humo humo, siku kontena linapofutwa liwekwe jipya, nayo yamekwenda. Dawa ni kuyaelekeza /proc/1/fd/1, mkondo wa matokeo ambao Docker, programu inayoendesha makontena, huusoma; kisha mkusanyaji kama Fluentd huyapeleka ghala moja, batli za makontena yote zikasomwa pamoja.

Angalia na saa. Makontena mengi hufuata UTC, saa sanifu ya dunia, hivyo saa nane yao ya usiku ni saa kumi na moja alfajiri Nairobi na Dar es Salaam. Batli isiyotaja ni saa za wapi humpoteza anayetafuta kosa.

Neno batli limo kamusini, fupi na jepesi kutamka. Wahandisi walichukue.