Harambee ilikuwa yetu. Iliendaje mikononi mwa waheshimiwa?

1/ Kila msimu wa siasa mjadala huu lazima urudi: "Mheshimiwa ametoa pesa kwa harambee, shida iko wapi?" Mmoja anasema ni ukarimu, mwingine anasema ni hongo. Kabla hatujatukanana kwa comments, tupitie historia kidogo. Uzi 👇🏾

2/ Kusaidiana hatukufundishwa na serikali. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Waluo saga. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Hakukuwa na mgeni wa heshima. Ulikuja na jembe, na kila mtu alijua nani amefika na nani amekwepa.

3/ Wakati wa ukoloni moyo huo huo ulijenga shule. Chuo cha ualimu cha Githunguri kilifunguliwa 1939, na watu walikichangia kwa marika yao. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ikakifunga. Ilijua vizuri kwamba watu wanaojijengea shule hawatawaliki kirahisi.

4/ 1963, uhuru. Neno la kuitana wakati wa kuinua mzigo mzito likawa wito wa taifa, na mpaka leo liko kwa nembo yetu. Serikali ilikuwa changa na pesa hazikutosha, kwa hivyo wananchi wakajenga. Miaka ya 1970, sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Wakulima wa kahawa wa Nyeri walichangia chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kina mama wa Mkoa wa Kati walichangiana mabati, nyumba moja baada ya nyingine.

5/ Lakini tusiipambe sana. Sehemu zenye kahawa na watu wakubwa mjini zilijenga zaidi. Sehemu kame zilibaki nyuma. Shule nyingi za harambee hazikuwa na maabara wala walimu waliosomea kazi. Kujitolea kulisaidia, ila hakukuondoa ukosefu wa usawa.

6/ Sasa hapa ndipo mambo yaligeuka. Wanasiasa waligundua harambee ni jukwaa. Kiasi kikaanza kusomwa kwa kipaza sauti, mkubwa akisomwa mwisho ili apigiwe makofi. Kufikia miaka ya 1980 mchango ulikuwa karibu kodi: wafanyakazi wanakatwa mshahara, mwananchi anadaiwa risiti ya harambee kabla ahudumiwe. Utafiti wa Transparency International Kenya kuhusu harambee za 1980 hadi 1999 ulionyesha michango ya wanasiasa ikipanda miaka ya uchaguzi. Si ajabu, ama?

7/ Sheria zilijaribu. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilikataza afisa kutumia cheo chake kushinikiza watu wachange. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, ikatangazwa kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee kabisa. Miezi michache tu, bahasha zikarudi kwenye habari. Novemba mwaka huo Kanisa Katoliki Nairobi likakataa pesa za wanasiasa na kuamua kuzirudisha.

8/ Kwangu mimi jambo kubwa si kiasi cha pesa. Ni nani anaulizwa hesabu. Kwa mwethya, sote tulitoa, kwa hivyo sote tuliuliza. Mtu mmoja akitoa milioni, sisi wengine tunabaki kushukuru. Na ni vigumu kumuuliza mtu kwa nini barabara haijaisha wakati bado mnampigia makofi.

9/ Najua jibu: "Mtoto wangu amefukuzwa karo leo, nile katiba?" Ni kweli. Anayepokea hiyo bahasha si mjinga, ana shida. Lakini jiulize kwa nini karo ya mtoto inategemea kama mheshimiwa ameamka vizuri.

10/ Basi tufanye nini, sisi tusio na milioni?

– Changa kidogo chako kwa grupu la mtaa, lakini omba mweka hazina aweke hesabu wazi, kila mwezi. Si matusi, ni desturi.
– Kikao cha bajeti ya kaunti kikiitwa, enda. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe kwa mambo ya fedha za umma.
– Mradi umekwama? Andika barua kuomba taarifa. Kifungu cha 35 kinakupa haki hiyo, na sheria ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Andikeni mkiwa kumi, mtasikika zaidi.
– Kuna mzee jirani hawezi kusoma fomu ya basari ya mjukuu? Mjazie. Haihitaji kipaza sauti.

11/ Toa, na uulize. Wazee wetu hawakutenganisha hayo mawili. Kwenu kusaidiana kuliitwaje? Niambie hapa chini.