Asili na Maana ya Jina Muturi

Si jambo geni huko Tassia, upande wa Embakasi, mashariki ya jiji la Nairobi, kumkuta mtu aitwaye Muturi ambaye maishani mwake hajapata kushika nyundo. Mafundi wanaochomelea mageti ya maghorofa ya mtaa huo nao huenda wasiwe na Muturi hata mmoja. Aghalabu jina hili hufasiriwa kwa wepesi kuwa ndilo Smith la Kigikuyu. Kimaana tafsiri hiyo ni sahihi; kihistoria inapotosha.

Mũturi ni mhunzi. Neno limeundwa kutokana na kitenzi gũtura, yaani kufua chuma, pamoja na kiishio -i, kile kile kipatikanacho katika mpishi na mwizi. Ila Kigikuyu hakikubadilisha konsonanti iliyotangulia. Kitenzi chenyewe ni ndugu wa fua. Katika Kibantu cha kale mzizi huo ulikuwa na t iliyofuatiwa na irabu u ya juu kabisa. Kiswahili kiliigeuza t hiyo kuwa f, kisha kikaipoteza konsonanti ya pili. Kigikuyu kimebaki na zote mbili. Hivyo fua na tura, japo sikio halizihusishi, asili yake ni moja.

Smith nalo lilikuwa jina la kazi. Lakini Uingereza, katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa 1066, majina ya aina hiyo yaliganda, mwana akalirithi la baba hata kama yeye alikuwa mwokaji mikate. Muturi halikupita njia hiyo. Kwa desturi ya Wagikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Jina basi huruka kizazi, tena huweza kuvuka ukoo. Halimtii mtu katika nyumba ya wahunzi, ambao, yafaa kutaja, laana yao iliogopwa sana.

Karatasi ndizo zilizovuruga mambo. Kipande, kilichotumika baada ya Vita Kuu ya 1914–1918, kiliwalazimisha wanaume kuandikishwa. Kanisa na shule zikaongeza jina la ubatizo. Polepole jina la baba likashika mahali pa jina la ukoo. Zamani Muturi alimzaa Kamau wa Muturi, naye akamzaa Muturi wa Kamau. Leo yule mjukuu akiandikwa kwa desturi zote mbili, huwa Muturi Muturi, na mchunguzi wa nasaba aliyezoea akina Smith hamwoni tena Kamau aliyekuwa katikati.