Mafuta Yakimwagika Ziwa Victoria: Mwananchi Apate Wapi Taarifa Sahihi

Mafuta yanapomwagika Ziwa Victoria kutokana na ajali ya meli au kuvuja kwa tangi, wakazi wa Mwanza hutaka kwanza kujua kama maji ya bomba ni salama na kama samaki wanafaa kuliwa. Majibu hayo hayatoki katika taasisi moja.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) husimamia usalama wa vyombo vya majini na kudhibiti uchafuzi utokanao na meli. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) hushughulikia madhara kwa mazingira na hatua za kisheria. Kuhusu maji ya bomba, msemaji ni Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza (MWAUWASA), ambayo huchota maji ziwani, ikiwemo katika chanzo cha Capripoint.

Taarifa ya kuaminika hutaja mahali, saa, aina ya mafuta na taasisi inayoitoa. Picha isiyo na tarehe haitoshi kuwa ushahidi. Aidha, takwimu kubadilika si lazima iwe dalili ya udanganyifu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, vifo vilivyotangazwa awali vilikuwa makumi. Uopoaji ulipoendelea, idadi ilifikia 228. Kwa hiyo, msomaji aangalie taarifa ni ya saa ngapi.

Si kila utando unaong'aa majini ni mafuta. Utando wa bakteria ukiguswa kwa kijiti hukatika vipande, ilhali wa mafuta hurudi kuungana. Hata hivyo, uthibitisho hutolewa na maabara.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Mwaka 2016 humruhusu mwananchi kuomba taarifa kwa maandishi, na taasisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Muda huo unafaa kwa ripoti za uchunguzi, lakini ni mrefu mno kwa anayesubiri kuteka maji ya kunywa. Kwa sababu hiyo, taarifa za dharura zifuatiliwe katika matangazo ya taasisi husika na ofisi ya Mkuu wa Mkoa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Mwaka 2004 nayo humpa kila mkazi wajibu wa kuarifu mamlaka. Mvuvi anayeona mafuta ziwani asiyaguse wala kuwasha moto karibu nayo, bali atoe taarifa mapema akitaja mahali na saa.